ARUA HADI KOBOKO: KATUNI ZA ZAMANI KATIKA MASANDUKU YA ASKARI

Msafiri atokaye Kampala kwenda Arua hupata siku nzima ya kuitazama nchi. Basi hupita Bombo, mji unaojulikana na kila askari wa Uganda, kisha hufuata Luwero na Kigumba mpaka Karuma, ambapo Mto Nile hunguruma juu ya majabali. Kutoka hapo njia hugeukia magharibi kandokando ya Mbuga ya Murchison Falls, na abiria mwenye bahati huwaona tembo wakila majani karibu na lami. Daraja la Pakwach ndilo lango la West Nile. Ukisha kulivuka huanza vilima vya Nebbi, mashamba ya mihogo, ya ufuta na ya tumbaku, na nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi kwa ustadi. Safari yote ni karibu kilomita 500, na mwisho wake ni Arua.

Arua ilianza kuwa boma mwaka 1914, mwaka ule Waingereza walipoihamisha West Nile kutoka Sudan na kuiunga na Uganda. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa katika eneo la Lado, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909. Kwa hiyo, katika muda wa miaka michache tu, watu wale wale walitawaliwa chini ya bendera tatu bila ya kuhama vijiji vyao. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Arua ni jiji, lakini soko lake bado lina sura ya nyumbani: asali ya West Nile katika chupa, dagaa wakavu, ufuta, na unga wa muhogo wa kusongea enyasa.

Mgeni ajuaye Kiswahili hapotei Arua. Kilugbara ndicho lugha ya wenyeji, lakini Kinubi, Kilingala na Kiswahili husikika kila kona, na kata mbili za mji huu huitwa Tanganyika na Kenya. Askari ndio waliokikuza Kiswahili huku. Vijana wengi wa West Nile walijiunga na King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na kila aliyerudi likizo alirudi na lugha ya kambini. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika familia za askari wa Arua na Koboko habari hiyo haikuwa ngeni, kwa maana lugha yenyewe ilikwisha ingia nyumbani zamani pamoja na sanduku la baba.

Sanduku hilo la bati ndilo lililotupeleka huko. Askari wa miaka ya 1960 na 1970 aliporudi likizo alibeba ndani yake sukari, sabuni, kanga za mkewe na viatu vya watoto. Na aghalabu, chini kabisa, palikuwa na magazeti ya katuni na ya hadithi za picha. Sukari ililiwa na kanga zikachakaa. Magazeti machache yangalipo, na leo ni vitu adimu kuliko wenyewe wanavyodhani.

MAGAZETI YALIYOSOMWA KAMBINI

Wasomaji wetu wenye mvi watamkumbuka Lance Spearman. Huyu alikuwa mpelelezi Mwafrika, mvaa tai ya kipepeo na kofia ya Panama, mwendesha gari la Corvette Stingray, aliyewaangusha wahalifu kwa ngumi kila toleo. Hadithi zake zilitoka katika gazeti liitwalo African Film, la kampuni ya Drum, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hazikuchorwa kwa kalamu. Waigizaji walipigwa picha kwa kamera, na maneno yao yakaandikwa juu ya picha. Mwigizaji wa Spearman aliitwa Jore Mkwanazi. Gazeti hilo lilisomwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na hata Lagos, na kwa kijana wa kambini lilikuwa sinema isiyohitaji umeme.

Dar es Salaam nako Faraji Katalambulla, mtunzi wa Simu ya Kifo, aliendesha gazeti la hadithi za picha kwa Kiswahili lililoitwa Film Tanzania. Kabla yao alitangulia Juha Kalulu, mhusika wa mchoraji Mkenya Edward Gitau, aliyeanza kuonekana katika miaka ya 1950 na kuwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Katika gazeti la Uhuru la Tanzania alikuwapo Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha Nairobi gazeti la Joe, la Kiingereza, lililocheka shida za mtu wa kawaida wa mjini. Baadaye likaja Sani la Dar es Salaam, pamoja na akina Ndumilakuwili, Madenge na Kipepe.

Pengine msomaji atauliza: Je, haya ni mambo ya kuhangaikia? Si vichekesho tu? Jibu ni kwamba kitabu cha historia hueleza serikali ilifanya nini, lakini gazeti la katuni huonyesha watu walivaa nini, walikaa vipi barazani, walitaniana kwa maneno gani, waliogopa nini na walicheka nini. Tena wako watoto wengi waliojifunza kusoma kwa magazeti haya kabla ya kuona kitabu cha darasani. Picha ilimwambia mtoto maana, naye akalitafuta neno.

MAADUI WANNE WA KARATASI

Adui wa kwanza wa gazeti la zamani ni karatasi yenyewe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki kitu cha mti kiitwacho lignini. Kitu hicho kikipatwa na hewa na mwanga, hugeuza karatasi kuwa ya manjano, kisha ya kahawia. Na asidi iliyomo huila karatasi polepole mpaka inavunjika kama jani kavu. Pini zilizoshika kurasa nazo hushika kutu. Mpiga chapa hakukusudia kazi yake idumu miaka 50. Alikusudia isomwe juma hilo, basi.

Adui wa pili ni mchwa, panya na unyevu, ambao kila mama wa nyumba anawajua. Adui wa tatu ni matumizi. Gazeti la katuni halikuheshimiwa kama Biblia, Kurani au cheti cha ubatizo. Lilipita mikono kumi, kisha likafungiwa njugu, likabandikwa ukutani au likawashia moto.

Adui wa nne ni vita, na hapa West Nile ina habari yake ya pekee. Mwaka 1979 vita vya kumwondoa Idi Amin vilifika ukingoni, na mwanzoni mwa mwezi wa Juni majeshi ya Tanzania yalifikia mpaka wa Sudan. Mwezi Oktoba 1980 mapigano yakaanza upya katika West Nile. Raia, maelfu kwa maelfu, walikimbilia Sudan na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na wengi hawakurudi mpaka miaka ya 1980 ilipokuwa inakwisha. Nyumba zilichomwa, maghala yakaporwa. Mtu akimbiapo na mtoto mgongoni hachagui gazeti.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wachache huifikiri. Machapisho ya Uganda hupelekwa kwa sheria katika Maktaba ya Makerere yatunzwe. Lakini magazeti mengi ya katuni yaliyosomwa Koboko yalichapwa Nairobi au Dar es Salaam. Hapakuwa na mtu yeyote katika West Nile aliyelazimishwa na sheria kuyahifadhi. Yaliyobaki yamebaki kwa mapenzi ya watu tu.

NYUMBA MOJA KOBOKO

Kutoka Arua hadi Koboko ni kilomita zipatazo 55, kwa barabara ya lami inayotoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, mpaka Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Urefu wake wote ni kilomita 92, na zamani, kabla ya lami, ulikuwa mwendo wa vumbi na jasho. Gari hupita Maracha, penye vilima na mashamba yaliyobanana, kisha nchi huinama na joto huongezeka. Koboko ni nchi ya Wakakwa, watu ambao jamaa zao wako katika nchi zote tatu. Mahali paitwapo Salia Musala ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Siku ya soko utasikia bei ikitajwa kwa Kikakwa, ikapunguzwa kwa Kilingala na kukubaliwa kwa Kiswahili. Katika wilaya hii hii, huko Lobule, wanakaa wakimbizi kutoka Kongo. Wenyeji wengi wanaowapokea wanajua wenyewe ukimbizi ni nini.

Tulikaribishwa katika nyumba ya mama mmoja mzee, mjane wa sajini aliyetumika zamani katika kambi ya Jinja. Wajukuu humwita haboba, kama Wanubi wamwitavyo nyanya. Mmoja wao, konstebo wa polisi aliyekuwa likizo, ndiye aliyetuambia kwamba bibi yake ana magazeti matano ya Lance Spearman ambayo hakuna mtu aruhusiwaye kuyashika bila ya kunawa mikono.

Yalitolewa chini ya kitanda, katika sanduku la bati, ndani ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Mawili yalikuwa hayana majalada. Moja lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, hata umbo lake likafanana na ramani. Mumewe aliyaleta kutoka Jinja, likizo moja baada ya nyingine, kwa ajili ya mtoto wao wa kwanza aliyependa kusoma. Mwaka 1980 walipokimbilia Sudan, mama huyo aliyatia chini ya unga. Kijana huyo alitengana nao njiani, na mpaka leo hajulikani alipo. Mama alirudi Koboko mwaka 1986 na mtama kidogo, watoto wawili na magazeti matano.

Tulikuwa tumefuatana na kijana mmoja wa Arua ambaye kazi yake ni kutoa nakala na kupiga chapa barua za watu. Alisema kwa adabu, "Haboba, tukiyapeleka dukani kwangu Arua, kesho jioni yatakuwa yamerudi."

Mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, karatasi hizi zimevuka mpaka mara mbili mikononi mwangu. Arua si mbali, najua. Lakini na yule aliniambia atarudi jioni."

Hapakuwa na la kuongeza. Siku ya pili yake kijana alipanda gari asubuhi na mashine yake, naye akaja kuyanakili magazeti pale pale mezani kwa mwenyewe.

KAZI YA SKANA

Skana ni mashine ya bapa kama sanduku la sigara lililotandazwa, yenye kioo juu yake. Ukurasa hulazwa juu ya kioo, mwanga hupita chini yake polepole, na mashine huugawa ukurasa katika nukta ndogo ndogo mno, kila nukta ikiandikiwa rangi yake. Ubora wa nakala hupimwa kwa idadi ya nukta katika kila inchi moja. Skana ndogo za siku hizi hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta ya mkononi, kwa hiyo huweza kufanya kazi hata mahali pasipo na waya wa umeme.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Nakala ya kawaida ya dukani huchukua weusi na weupe tu, na mara nyingi kwa nukta 200 kwa inchi. Inatosha kwa barua ya maombi ya kazi. Kwa katuni haitoshi, kwa sababu picha ya gazeti si picha tupu: nayo imeumbwa kwa nukta za wino zilizopangwa na mpiga chapa. Nukta za mashine zikiwa chache, hugongana na nukta za wino, na juu ya uso wa mtu hutokea mistari ya mawimbi kama maji yaliyotiwa jiwe. Kwa maandishi, nukta 300 ndicho kima cha chini cha kuhifadhi. Kwa katuni na hadithi za picha inafaa kufika 600, tena kwa rangi, hata kama gazeti lilichapwa kwa wino mweusi. Rangi ya karatasi, kutu ya pini na alama ya kalamu ni sehemu ya habari.

Gharama yake ni nafasi ya kuwekea. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukinakiliwa kwa nukta 600 huwa na nukta milioni 35 hivi, na kwa rangi kamili hujaza takriban megabaiti 100. Gazeti la kurasa 32 huchukua zaidi ya gigabaiti 3. Hata hivyo, kadi ndogo ya gigabaiti 64, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, hubeba kurasa kama hizo zipatazo 600. Kilichojaza sanduku hutosha katika mfuko wa shati.

Kijana aliyaweka magazeti moja moja. Hakuzing'oa pini wala hakulazimisha karatasi ilale. Palipoinuka alikilaza kifuniko kwa mkono wake mwepesi. Kila ukurasa ulichukua dakika moja na zaidi. Konstebo alishika daftari na kuandika: jina la gazeti, nambari ya toleo, ukurasa wa ngapi, hali ya karatasi. Ilipofika saa saba mchana walikuwa wamemaliza magazeti matatu.

Katika gazeti la nne lilitokea jambo ambalo hapana aliyelitazamia. Pambizoni mwa ukurasa mmoja palikuwa na kivuli cha kijivu, ambacho kwa macho kilionekana uchafu tu. Kijana aliukuza ukurasa katika kompyuta. Kisha akafanya nakala ya pili, akaacha ile ya kwanza kama ilivyo, na katika hiyo ya pili akaongeza giza kwenye sehemu iliyopauka. Ikatokea safu ya maneno kwa penseli, mwandiko wa mtoto wa shule: maneno ya Kiingereza upande mmoja, na maana zake kwa Kiswahili upande wa pili. Yalikuwa maneno kumi na moja. Juu yake palikuwa na jina la mwandishi na darasa lake.

Mama hakujaliwa kusoma. Alimwambia mjukuu wake ayasome yote, asiruke. Konstebo akasoma neno na maana, neno na maana, mpaka mwisho. Bibi akamwambia, "Hiyo ya mashine chukueni ninyi, mgawane na ndugu zenu. Mimi niachieni hii ya karatasi."

Hiyo ndiyo kanuni ya kazi hii. Nakala ya skana haikuja kuchukua mahali pa karatasi. Imekuja kuipumzisha, isishikwe kila siku, na kuhakikisha kwamba ikipotea haipotei yote.

WAFANYAO KAZI HIYO KWA UKUBWA

Lililofanyika juu ya meza ile hufanyika pia kwa ukubwa mahali pengine. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda mjini Kampala, lilipatikana kabati lenye negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Sehemu kubwa ni za wakati wa Idi Amin. Tangu mwaka 2018 zimekuwa zikinakiliwa kwa skana kwa ushirikiano wa Shirika hilo, Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Western Australia. Mwezi Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na mwaka 2021 Derek Peterson na Richard Vokes wakatoa kitabu juu yake. Kwa familia za West Nile, ambazo watu wao wengi walitumika katika jeshi la wakati huo, picha hizo si historia ya mbali.

Huko Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kimetunza na kunakili nyaraka za Wilaya ya Kabarole. Mradi wa Uganda uitwao History in Progress, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens wa Uholanzi na Canon Griffin Rumanzi wa Uganda, umenakili picha kutoka katika makusanyo ya watu binafsi. Na Maktaba ya Taifa ya Uingereza, tangu mwaka 2004, husaidia kunakili nyaraka zilizo hatarini duniani kote, kwa sharti kwamba nyaraka zenyewe zisitoke katika nchi yake. Sharti hilo mama wa Koboko angelielewa mara moja.

Kwa upande wa katuni, Ufaransa ina taasisi nzima ya sanaa hiyo katika mji wa Angoulême, na Ubelgiji ilifungua jumba lake Brussels mwaka 1989. Mataifa hayo hayakuona haya kuyaita magazeti ya vichekesho urithi wa taifa. Katuni za Afrika Mashariki hazina jumba lao la namna hiyo, na nyingi zimo bado mikononi mwa watu, katika masanduku, kutoka Koboko mpaka pwani.

LA KUFANYA NYUMBANI

Ndugu msomaji, likizo ijayo utakapokwenda nyumbani, mwombe baba au bibi ruhusa ya kufungua sanduku. Ukikuta magazeti ya zamani, haya ndiyo yafaayo:

Nawa mikono, uikaushe vizuri. Usibandike palipochanika kwa utepe wa gundi, kwa kuwa gundi hiyo hugeuka ya kahawia na kuila karatasi. Usiyatie katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, kwani hayatatoka tena. Pini yenye kutu usiivute kwa nguvu.

Yalaze magazeti, usiyakunje. Yafunge kwa kitambaa safi cha pamba au karatasi nyeupe, uyatie katika sanduku lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta wenye unyevu, mbali na moshi wa jiko na mbali na jua. Lifungue kila mwezi ukague mchwa.

Ukipata skana, nakili kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, jalada kwa jalada, hata kurasa za matangazo na kurasa tupu. Hifadhi nakala ya kwanza katika muundo usiobana picha, uitwao TIFF, wala usiisafishe. Ukitaka kupunguza madoa au kuongeza mwanga, fanya hivyo katika nakala ya pili.

Kama huna ila simu, nayo inasaidia. Laza ukurasa mezani karibu na dirisha, pasipo jua kali. Simu iwe sawasawa juu ya ukurasa, isiinamie upande. Piga kwa kiwango cha juu cha kamera yake. Jihadhari na programu za simu zinazojifanya skana, kwa sababu nyingi huing'arisha karatasi iwe nyeupe na kufuta penseli. Laiti yale maneno kumi na moja yangalipitishwa humo, yangalipotea.

Weka nakala tatu, katika vyombo viwili vya namna mbalimbali, na moja kati ya hizo ikae mji mwingine. Askari wanajua maana ya kutoweka risasi zote katika ghala moja.

Andika majina. Picha isiyo na jina ni mgeni ndani ya nyumba. Kaa na mzee wako umwulize gazeti hili lilinunuliwa wapi, na nani, mwaka gani, mwandiko huu ni wa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na kompyuta.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Hati za kazi za jeshi na polisi si mali ya nyumbani. Zikionekana sandukuni zirudishwe kwa wahusika, zisinakiliwe. Tena, kunakili gazeti ili lisipotee ni jambo moja, na kuuza nakala zake ni jambo jingine. Wachoraji na watunzi wana haki zao, na wengi wao walikufa bila ya kufaidi jasho lao.

Mashine zimepungua bei kuliko zamani, na nafasi ya kuwekea picha imeongezeka. Kisichongoja ni karatasi, na zaidi ya karatasi ni wazee. Baada ya miaka kumi skana nzuri zaidi itapatikana Koboko kwa fedha kidogo, lakini huenda asiwepo mtu wa kuutazama mwandiko wa penseli na kusema ni wa nani. Mwenye kujua hayo yuko hai leo, amekaa barazani, na angefurahi kuulizwa.